Mpini wa fyekeo unaocheza: misumari na maji havitaukaza, hiki ndicho kitakachoukaza

Swali kutoka kwa msomaji wa Arua, eneo la West Nile, Uganda:

"Salaam fundi. Nafyeka uwanja wa shule ya msingi, katikati ni nyasi za pasipalamu na pembezoni nyasi ndefu. Fyekeo langu ni la dukani, chuma kirefu kilichopinda chini, mpini wa mbao wa duara juu, na kwenye kichwa cha mpini kuna washa (kisahani cha chuma chenye tundu) na chuma kilichopondwa. Tangu Januari mpini unacheza. Nimepigilia misumari mitatu mdomoni, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, nimeliloweka usiku kucha kwenye ndoo, kisha nikafunga mpira wa tyubu. Asubuhi linakaza, ikifika saa sita limelegea tena. Wiki iliyopita chuma kilichomoka kikapita karibu na mguu wangu. Nitengeneze au ninunue jingine? Gundi inafaa? Na nikichonga mpini mpya, nitumie mti gani?"

Jibu:

Ndugu yangu, litengeneze. Chuma kizima hakitupwi kwa sababu ya kipande cha mti kisichofika shubiri moja. Ila kwanza liweke chini, usifyeke nalo hata robo ya uwanja mpaka kazi iishe. Chuma kikichomoka katikati ya pigo kinaruka kwa kasi yote ya mkono wako, na uwanja wa shule hauishiwi watoto.

Tuanze na sababu, kwa kuwa yote matatu uliyoyafanya yanatokana na kutoijua. Ndani ya mpini kuna msuka, yaani ile sehemu ya chuma iliyoingia kwenye mbao. Katika mafyekeo mengi ya dukani msuka ni bapa, upana wake kama milimita 20 na unene milimita 3 au 4. Ukifyeka, unapeleka mkono kulia na kushoto, na chuma hupiga nyasi kwa ukingo wake mwembamba. Nguvu ya pigo hurudi juu kwa njia hiyohiyo: ukingo mwembamba wa msuka ndio unaosukuma mbao, wala si ubapa wake. Milimita 4 za chuma zinaikandamiza mbao kwa nguvu iliyoongezwa na urefu wa chombo chote, kwa sababu ncha inayopiga iko karibu mita moja kutoka kiganjani na mpini wenyewe una sentimita 14 tu. Kwa hiyo msuka unajichimbia. Tundu linarefuka upande wa mbele na wa nyuma, likianzia mdomoni. Upande wa ubapa mara nyingi linabaki zima kabisa.

Sasa angalia misumari yako. Mtu akipigilia msumari mdomoni, huuweka pale penye nafasi ya kuingia, nao unaingia kati ya nyuzi za mbao na kuzitenganisha. Umefanya kazi ya kabari ya kupasulia kuni. Pigo linalofuata linaukuta mpini una ufa uliokwisha kuanzishwa.

Maji nayo yana habari yake. Kwenye jembe na shoka mbao iko ndani ya chuma, kwenye fyekeo chuma kiko ndani ya mbao, lakini kosa la kuloweka ni moja pande zote mbili. Mbao ikinywa maji huvimba. Ikikutana na chuma haiwezi kukisukuma, kwa hiyo nyuzi zake zilizogusa chuma zinapondeka. Asubuhi unaona limekaza, na ni kweli limekaza. Jua likipanda mbao inakauka na kurudi nyuma, lakini zile nyuzi zilizopondeka hazirudi zilivyokuwa, na tundu linabaki kubwa kuliko la jana. Kila ndoo ya maji inaongeza nafasi. Juu ya hayo, maji yaliyobaki ndani yanashika kutu kwenye msuka mahali usipopaona. Watu hudanganywa na kutu pia, kwa sababu mwanzoni huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila na hulikaza fyekeo kidogo. Baadaye huwa unga, unadondoka.

Na kwa nini ilianza Januari? Kwa sababu ya hewa. Kwenu West Nile kiangazi cha Desemba hadi Februari hukausha mbao kupita inavyokauka wakati wa mvua. Mpini uliochongwa kwa mti ambao haukukauka vizuri hungoja miezi hiyo ndipo uonyeshe tabia yake: unanywea, unakutana na msuka usionywea, unapata ufa mwembamba kwa urefu. Mvua ikirudi ufa unaonekana umefunga. Haujapona.

Kabla hujalifungua, jua lilivyolegea. Bana chuma kwenye vaisi, yaani jiriwa, kwa vipande viwili vya mbao, sentimita 5 chini ya mpini. Kama huna vaisi, mwenzako akikanyage chuma juu ya gogo, makali yakiwa yamefungwa gunia. Ondoa ule mpira wa tyubu wote, maana unaficha kila kitu. Kisha shika mpini uutikise pande nne. Ukicheza mbele na nyuma, yaani upande wa kufyekea, tundu limerefuka. Ukipanda na kushuka tu bila kuyumba, tundu ni zima na tatizo liko kichwani: washa imezama kwenye mbao, au chuma kilichopondwa kimelika. Ukicheza kuelekea ubapa, mpini una ufa hata kama huuoni. Paka maji yenye majivu au chaki iliyosagwa juu ya mpini, ngoja dakika chache kisha ufute. Ufa utabaki na mstari mweupe. Ukiona mstari unaoanzia mdomoni na kupita nusu ya urefu wa mpini, usijisumbue na matengenezo yoyote, ruka hadi nitakapoeleza mpini mpya. Kwa misumari mitatu uliyoitia, nadhani huko ndiko utakakofika, lakini pima kwanza.

Kwa yule ambaye mpini wake unapanda na kushuka tu, kazi ni ya nusu saa. Chuma kikiwa kimebanwa karibu kabisa na mpini, chukua nyundo nyepesi ya gramu 300 hadi 500 yenye kichwa cha mviringo, ugonge ukingo wa kile kichwa kilichopondwa kwa vipigo vidogovidogo ukizunguka. Usigonge katikati, maana katikati unakifupisha tu. Unataka kitanuke na kuishusha washa. Kosa linaloharibu hapa ni kusimamisha fyekeo kwa ncha yake chini ukigonga kutoka juu: nguvu yote inaishia kwenye mkunjo wa chuma, nao unapinda, na makali hayakai tena sawa na ardhi.

Kama tundu limerefuka, kulifungua hakuepukiki. Kumimina kitu chochote mdomoni bila kuutoa mpini ni kupoteza gundi, kwa sababu ndani kuna kutu, mafuta ya mkono na unga wa mbao. Ng'oa misumari kwa koleo. Kwenye kichwa, piga tupa ule ukingo uliotanuka tu mpaka washa ipite. Usikate kichwa chote. Kila milimita ya msuka utakayoiacha ndiyo utakayoponda tena baadaye. Halafu weka kipande cha mti kwenye mdomo wa mpini, gonga upande mmoja kisha mwingine, kidogokidogo, utoke.

Msuka ukiwa nje, usiupite haraka. Tazama begani, pale chuma kipana kinapoanza kuwa chembamba. Viwandani sehemu hii mara nyingi hukatwa kwa kona kali, na kona kali ndipo chuma huanza kupasuka. Safisha kwa msasa, angalia kwa jua la kutoka ubavuni. Ukiona mstari mwembamba wa kutu usiofutika, huo ni ufa, na hakuna mpini utakaouponya. Peleka kwa mhunzi akufulie msuka mpya kuanzia chini ya ufa, hata kama fyekeo litapungua sentimita chache. Kama hakuna ufa, chukua tupa ya mviringo ulainishe ile kona iwe na mzingo, milimita 3 zinatosha. Ni kazi ya dakika tano ambayo kiwanda hakikuifanya.

Ondoa kutu yote kwa msasa namba 80 mpaka chuma king'ae. Kwenye ubapa chora mikwaruzo ya mshazari kwa tupa ili gundi ipate pa kushika. Kwenye kingo nyembamba usitie pengo hata moja. Mafundi wengi hupenda kukata meno pale wakidhani yatang'ata mbao, kumbe wamefungua mlango wa ufa mwingine.

Kisha mpini. Kwangua ndani ya tundu kwa kipande cha msumeno wa chuma mpaka uone mbao safi. Kama ndani ni nyeusi na inatoka unga, mpini huo ulichomwa: fundi aliupasha msuka moto akausukuma ukajitengenezea tundu, na makaa yakabaki ndani. Makaa hayana nguvu, yanasagika ndani ya siku chache za kazi. Yakwangue yote. Na kwa kuwa mpini wako ulilala kwenye ndoo, uache kivulini penye upepo wiki nzima. Usiuweke karibu na jiko wala juu ya mabati, utapasuka kabla hujaanza. Ukitaka kujua kama umekauka, uweke ndani ya mfuko wa plastiki usio na rangi, ufunge vizuri, uuanike juani saa moja. Ukiona matone au ukungu ndani ya mfuko, bado una maji.

Sasa kujaza. Chonga kabari mbili ndefu za mbao ngumu iliyokauka, au za mwanzi mkavu, upana sawa na unene wa tundu, urefu sawa na kina chake. Upande wa mdomoni ziwe nene, kwa kawaida milimita 2 au 3, na zipungue kuelekea ndani, kwa kuwa tundu nalo limeliwa hivyo. Moja mbele ya msuka, moja nyuma. Ukiweka moja tu, chuma kitakaa upande na fyekeo litavuta mkono. Jaribu zote zikiwa kavu: msuka uingie kwa kugongwa kidogo kwa kipande cha mti, usiingie kwa vidole wala usihitaji nyundo nzito. Nyuzi za kabari zifuate urefu wa mpini, la sivyo zitasagika.

Hapo ndipo gundi inapoingia, na uliuliza kama inafaa. Inafaa, lakini aina moja: ile ya tyubu mbili inayochanganywa, kama Araldite, ambayo inashika chuma na mbao kwa pamoja na haijali maji. Gundi nyeupe ya maseremala haishiki chuma, na ikilowa inalainika. Ile ya haraka ya matone inakauka ngumu bila kujikunja, na kwa mtikisiko wa kufyeka inavunjika. Tena wapo wanaoyeyusha kipande cha jerikeni na kukimimina ndani. Plastiki ile haigandi kwenye chuma wala mbao, na ikipoa inanywea, kwa hiyo ndani ya siku chache una msuka unaocheza ndani ya plastiki inayocheza ndani ya mbao. Umeongeza ulegevu wa pili na umevuta moshi mbaya bure.

Changanya tyubu mbili kwa kiasi kilichoandikwa kwenye boksi, mara nyingi sawa kwa sawa, ukoroge dakika mbili kamili. Wengi hukoroga sekunde kumi kisha hulalamika gundi imebaki laini. Ongeza unga wa mbao uliopepetwa mpaka mchanganyiko uwe mzito lakini bado unashuka kwenye kijiti. Ziba mdomo wa tundu kwa utepe, jaza tundu nusu kutokea juu, paka msuka na kabari, kisha toboa utepe na kuingiza msuka polepole ili hewa itoke juu. Gundi ikifurika kichwani ni dalili njema. Uvalishe msuka washa, na ponda kichwa wakati huohuo gundi ikiwa mbichi. Ukingoja ikauke halafu ugonge, unaipasua wewe mwenyewe. Kabla ya kuliacha, chungulia kutoka juu uone kama chuma kimekaa katikati ya mpini. Liweke saa 24 lisiguswe, na zaidi kama ni siku za mvua na baridi.

Kama huna pesa ya gundi, kabari zilizochongwa vizuri na riveti ya pembeni zinatosha. Kwa kweli, nikiambiwa nichague kimoja kati ya gundi na riveti, nachagua riveti.

Riveti ya pembeni ni chuma kinachopita mpini na msuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Hiyo ndiyo inayozuia chuma kuruka hata siku gundi na kabari zitakaposhindwa, na ndiyo ambayo fyekeo lako halikuwa nayo. Toboa tundu la milimita 5 kwenye ubapa wa msuka, sentimita 3 na nusu kutoka mdomoni. Msuka ukiwa chini ya milimita 15 kwa upana mahali hapo, tumia tundu dogo zaidi, milimita 4, maana tundu lisizidi theluthi ya upana. Kama msuka ni mpana mpaka juu, weka riveti ya pili sentimita 4 kutoka kichwani, lakini zisikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Moja isogee milimita 3 kulia, nyingine 3 kushoto, ili zisipasue mpini kwa pamoja.

Jaribu msuka kwa tupa kabla ya kutoboa. Tupa ikiteleza bila kula, chuma ni kigumu, labda kilitokana na springi ya gari, na kitamaliza meno ya drili. Pasha msuka peke yake mpaka uwe mwekundu wa cheri, uuzike kwenye majivu makavu upoe taratibu hadi kesho yake. Sehemu ya makali ifungwe kitambaa kilicholowa maji muda wote wa kupasha, isipoteze ugumu wake. Bila shaka hili unalifanya kabla ya gundi, mpini ukiwa mbali.

Riveti yenyewe unaweza kuipata kwenye msumari mnene wa kawaida. Wa inchi 5 hukaribia milimita 5, lakini pima, kwa sababu misumari ya madukani hutofautiana. Msumari wa zege haufai, ni mgumu na hupasuka ukipondwa. Weka washa ndogo kila upande, zizame kidogo kwenye mbao zisikuchubue kiganja. Kata msumari uache umezidi washa kwa mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 7 na nusu kwa msumari wa 5. Ukiacha zaidi unapinda badala ya kupondeka, ukiacha pungufu hupati kichwa. Ponda kwa vipigo vyepesi juu ya chuma kizito, kisha lainisha kwa tupa. Asiye na mkono wa riveti atumie bolti ya milimita 5 na nati, aikate ncha na kuigonga kidogo ili nati isifunguke.

Umebaki mdomo wa mpini, pale mbao inapoanza kupasuka. Unahitaji pete. Kata kipande cha bomba la maji, urefu milimita 20 hadi 25, upana wa ndani unaokaribia mdomo wa mpini. Chonga mdomo uwe na mteremko mdogo sana, pete iingie kwa urahisi mwanzoni na ianze kukaza milimita 5 za mwisho. Igonge mpini ukiwa umekauka kabisa. Ukiigonga mpini ukiwa na maji, kiangazi kikija pete itakuwa bangili. Tia alama moja ya msumari mgumu kwenye pete ili ibonyee na kujifunga kwenye mbao. Na usiipashe moto kuikaza: mabomba mengi ya maji yamepakwa zinki, na moshi wake unaumiza mapafu. Kumbuka pete huvalishwa kabla ya kuingiza msuka. Ukisahau, utalazimika kufungua kila kitu.

Kama bomba halipatikani, zungusha waya wa milimita 2 wa uzio mara nane hadi kumi. Laza kitanzi cha waya juu ya mdomo, zungushia juu yake, pitisha ncha kwenye kitanzi na uvute upande wa pili mpaka ncha ifichike chini ya mizunguko. Waya wa kufungia nondo ni laini mno kwa kazi hii, utanyooka. Mpira wa tyubu uache kwa ajili ya kiganja tu ukipenda, juu ya mpini uliokwisha kuwa imara, na uuvue kila baada ya wiki chache uangalie chini yake.

Tuje kwenye mpini mpya, ambao nashuku ndio haki ya fyekeo lako. Uganda hatuna shida ya miti, shida yetu ni subira. Msambya, ambao Waganda huuita musambya, unafaa sana kwa mipini na umepandwa kwenye mashamba mengi. Mpera ni mgumu na hauchaniki kirahisi. Mti wa kahawa iliyong'olewa ni mzito na laini mkononi, ila tafuta shina lililonyooka. Mfenesi unachongeka vizuri. Mkaratusi una nguvu lakini hupasuka sana ukikauka, kwa hiyo uchonge baada ya kukauka, usichonge mbichi. Musizi na msonobari ni laini, msuka utazila ndani ya msimu mmoja. Mvule ni mzuri mno kuupoteza kwa kazi hii.

Mti wowote utakaouchagua, usitumie tawi zima la duara. Katikati ya tawi kuna kiini, na ufa wote huanzia huko. Kata kigogo cha sentimita 20 kutoka kwenye shina nene, kipasue mara nne, na utupe kiini. Kuna sababu: mbao ikikauka hunywea kuzunguka shina karibu mara mbili ya inavyonywea kuelekea kiini, na kwa urefu hainywei karibu kabisa. Kipande kizima cha duara kinajivuta chenyewe mpaka kichanike, robo inapata nafasi ya kunywea bila kuchanika. Paka ncha zote mbili rangi ya zamani au nta ya mshumaa, uviweke vipande kivulini penye upepo miezi miwili hadi mitatu. Anayeuza mpini sokoni leo asubuhi kwa mti uliokatwa juzi anakuuzia kazi ya Januari ijayo.

Uchonge mpini wa sentimita 14 hadi 16, unene milimita 35, uwe na umbo la yai badala ya duara, ili kiganja kijue makali yapo upande gani bila macho. Nyuzi zikikatika mahali popote ubavuni kwa mshazari mkali, achana na kipande hicho. Kama huna drili ndefu ya kunyoosha tundu, pasua mpini kwa msumeno katikati kwa urefu, chonga nyumba ya msuka kwa patasi kwenye nusu moja tu, kina sawa na unene wa chuma, kisha ubandike nusu ya pili kwa gundi na riveti tatu. Ni njia ninayoipenda kuliko kutoboa, kwa sababu unauona msuka ukigusa mbao kila mahali kabla hujafunga. Mwenye drili atoboe mstari wa matundu ya milimita 4 na kuyaunganisha kwa kipande cha msumeno wa chuma, akisimamisha kazi tundu likiwa bado dogo kidogo kuliko msuka.

Kuchoma tundu kwa msuka wa moto si dhambi, ikiwa utatoboa njia kwanza, utaingiza moto sekunde mbili tatu tu, utatoa na kukwangua makaa, na kusimama sentimita moja kabla ya mwisho. Hiyo ya mwisho iingie baridi, kwa kugongwa.

Wengine wameacha mbao na kuchomelea bomba la chuma. Linadumu, lakini mtikisiko wote unafika kwenye kiwiko, na ikiwa fundi amechomelea kwa kukatisha chuma bapa, kinavunjika pembeni ya mshono siku usiyoitarajia. Ukilazimika, bomba lipasuliwe sentimita 10, limeze chuma, na mishono ikimbie kwa urefu pande zote mbili.

Ukimaliza, paka mpini mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mara mbili, siku moja kati yake. Oili chafu ya gari usipake, ina vitu vinavyodhuru ngozi na mikono yako inashinda hapo siku nzima. Matambara yenye mafuta ya kitani yaanike yakiwa yametandazwa nje, yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Fyekeo litundikwe ndani, lisilale nyasini wala kuegemezwa ukuta wa mabati unaopigwa na jua.

Makali pia yanahusika. Chuma butu hakikati, kinapiga, na kila pigo linaishia kwenye tundu ulilolijaza kwa taabu. Piga tupa pande zote mbili kila asubuhi kabla ya kuanza, na tena katikati ya kazi. Zile nyasi ndefu za pembezoni, kama ni mabingobingo yaliyokomaa, zikate kwa panga. Fyekeo halikutengenezwa kwa mashina yale, na vichuguu vilivyojificha ndani yake vimevunja misuka mingi.

Kabla ya kurudi uwanjani, chora mstari mmoja wa kalamu unaovuka kutoka kwenye mbao au pete hadi kwenye chuma, pande mbili. Fyeka nusu saa mahali pasipo na mtu ndani ya hatua kumi na tano, kisha tazama. Mistari ikiwa bado imeungana, endelea na kazi na uitazame tena jioni. Ikiwa imeachana hata kwa unene wa kucha, msuka unatembea: fungua uone ni kabari ipi iliyokaa vibaya, wala usiguse ndoo.